Manowari Fitzgerald na meli ya makontena Crystal: dakika nane ambazo zingetosha kuokoa watu saba

Swali ambalo huku kwetu kila mtu anaulizaga akisikia hiki kisa ni lile lile: iweje manowari ya Marekani, yenye rada ya kufuatilia kombora angani, igongwe na meli ya mizigo ya mita 222, kitu kikubwa kama mtaa mzima, kinachowaka taa, usiku ambao hata bahari haikua imechafuka? Watu wanatafuta siri. Wengine wanasema ni mtego wa adui, wengine ati kompyuta zilidukuliwa. Mimi ripoti za jeshi lenyewe na za wachunguzi wa kiraia nimezisoma na kuzirudia, na kinachoniumiza ni kwamba hakuna siri yoyote mle ndani. Ni mambo ambayo koksini yeyote, yaani mwendesha boti, wa Port Bell au Kiyindi, bandari zetu za Ziwa Victoria huku Uganda, anayaelewa bila kufundishwa upya, na ndio maana nakiandika hapa kirefu, maana sisi tunaotembea ziwani usiku na mizigo na abiria kinatuhusu kuliko tunavyodhani.

Tarehe 16 mwezi wa sita 2017 USS Fitzgerald ilitoka Yokosuka, Japani, ambako ndiko kambi yake, ikielekea Subic Bay kule Ufilipino. Meli ya mita 154 hivi, imeanza kazi 1995, mabaharia karibu 300. Siku hiyo kutwa walikua kwenye kazi, kupakia, kuondoka bandarini, mazoezi ya helikopta, na usiku ulipoingia zamu zikaendelea kama kawaida bila mtu kujiuliza nani amelala na nani hajalala. Upande wa pili kuna ACX Crystal, meli ya makontena yenye bendera ya Ufilipino, imekodiwa na kampuni kubwa ya Kijapani ya NYK, inatoka Nagoya kwenda Tokyo, mabaharia 20 wote Wafilipino. Pale chini ya rasi ya Izu ndipo meli zinazoingia na kutoka Tokyo zinapopishana, njia ina msongamano usiku na mchana, na wavuvi nao wamo humo humo.

Saa saba na nusu usiku, kuamkia tarehe 17, zikagongana.

Sasa kabla sijaendelea tuelewane kwenye kanuni, kwa sababu bila hiyo kisa chote kinageuka kuwa lawama tu. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini ni za 1972, na kwenye jambo la meli mbili zinazokatana njia zinasema wazi: ukimwona mwenzako upande wako wa kulia, wewe ndiye unayepisha. Haijalishi wewe ni manowari na yeye amebeba friji na viatu. Na kupisha kwenyewe kuna masharti, upishe mapema, upishe kwa hatua kubwa inayoonekana ili mwenzako gizani ajue umempisha, na usipite mbele yake kama hali inaruhusu kupita nyuma. Yule mwingine anatakiwa ashike mwendo na mwelekeo wake ili wewe ujue unapisha nini, lakini na yeye akiona hupishi anaruhusiwa kuchukua hatua, na ikifika mahali ambapo wewe peke yako huwezi tena kuzuia ajali, analazimika.

Fitzgerald ilikua inashuka kusini kwa karibu kilomita 37 kwa saa. Crystal ilikua inakuja kutoka kulia kwake kwa kama kilomita 34 kwa saa. Kwa hiyo ya kupisha ilikua Fitzgerald. Hapo hakuna ubishi.

Na utajuaje kwamba mtagongana? Hii naisema kwa vijana wanaoanza kazi ziwani. Ukitoka Kiyindi usiku kuelekea visiwa vya Buvuma ukaona taa kulia kwako, usikimbilie kukadiria umbali kwa macho, usiku macho yanadanganya. Tafuta kitu kwenye boti yako, nguzo ya turubai, au kona ya ubao wa mbele, ukae palepale ulipo na uiangalie ile taa ikiwa usawa wa ile nguzo. Subiri kidogo. Ikisogea kuelekea nyuma ya nguzo, atapita nyuma yako. Ikisogea mbele, atapita mbele. Ikibaki palepale kwenye nguzo na inazidi kukua, ndugu yangu, nyinyi wawili mnaenda kukutana, na hapo ndipo unapochukua hatua, usingoje uanze kusikia injini yake. Manowari ina rada ya kufanya hiyo hesabu, lakini hesabu ni hiyo hiyo.

Haya, turudi juu kwenye chumba cha usukani cha Fitzgerald. Nahodha hayupo, ameenda kulala chumbani kwake. Naibu wake pia hayupo. Hilo lenyewe si kosa, nahodha ni binadamu, lakini kwa njia yenye msongamano vile wachunguzi waliona mipango ya safari ile haikuzingatia hatari iliyokuwepo. Alichoacha nahodha ni maagizo ya kudumu, kwamba meli fulani ikikaribia kwa umbali fulani aitwe, hata kama amelala. Usiku ule zilipita meli kadhaa ndani ya umbali huo na hakuitwa. Ofisa wa zamu, aliyeshika madaraka ya meli nzima saa hizo, hakumwita hata mara moja mpaka Crystal inaingia.

Huwa nasimama sana hapa. Kwa nini mtu asimwite bosi wake wakati bosi mwenyewe ameacha karatasi inayosema niite? Sisi tuliokulia kwenye kazi za boti tunajua jibu. Unaogopa kuonekana huwezi. Mzee amechoka, amelala sasa hivi, ukimwamsha kwa taa ambayo baadaye inapita salama kesho utasikia maneno. Ukishaacha kumwita mara ya kwanza na mambo yakaenda sawa, mara ya pili inakua rahisi zaidi kuacha, na ya tatu hata hufikirii. Wala si jambo la Wamarekani tu, nimeliona kwenye boti za mizigo, kijana wa mbele ameona kitu kwenye maji lakini anangoja mwenye usukani aone mwenyewe.

Mtiririko wa dakika uliotolewa na jeshi la wanamaji la Marekani ni mfupi na unaumiza kuusoma. Kwenye kama saa saba na dakika 22 ofisa mdogo wa zamu anaiona Crystal tena na anapendekeza wapunguze mwendo. Anajibiwa kwamba kupunguza mwendo kutavuruga zaidi picha ya meli zilizowazunguka. Kumbuka hii. Kuna mtu alisema. Saa saba na dakika 25 ofisa wa zamu anagundua Crystal inakaribia haraka, anaanza kufikiria kugeuza kulia. Dakika ya 27 anatoa amri ya kwenda kulia, na kabla dakika haijaisha anaifuta, anaamuru badala yake mwendo wote na kukata kushoto kwa nguvu. Ile amri haitekelezwi, aliyeshika usukani anaduwaa. Dakika ya 29 baharia mwandamizi wa zamu anamnyang'anya usukani na kuitekeleza yeye. Dakika ya 30 pua ya Crystal inaingia.

Kutoka dakika ya 22 hadi ya 30 ni dakika nane. Kwa kilomita 37 kwa saa, dakika nane ni karibu kilomita tano za maji. Fitzgerald ni nyepesi kwa ukubwa wake na ina injini zenye nguvu za ajabu, inageuka haraka kuliko meli yoyote ya mizigo. Kama kwenye dakika ya 22 mtu angesema sawa punguza, au hata sawa kata kulia tupite nyuma yake, leo tusingekuwa na kisa cha kuandika. Na hata dakika ya 27 ile amri ya kwanza ndiyo iliyofuata kanuni. Kubadili mawazo katikati ndiko kulikomaliza, ni kama boda wawili kwenye njia panda, kila mmoja anaanza kupisha halafu anaghairi, wanakutana katikati.

Halafu kuna ambavyo havikufanyika kabisa. Honi tano fupi, ambayo dunia nzima maana yake ni sikuelewi unafanya nini au sidhani unafanya vya kutosha, haikupigwa. Redio ya kuongea meli kwa meli, ambayo ipo palepale mkononi, haikushikwa. Kengele ya kuwaamsha mabaharia waliolala chini wajishike, haikulia. Hiyo ya mwisho ndiyo inanikaba koo, maana hata ukishindwa kuzuia kugongana una sekunde za kuwaambia wenzako amkeni.

Na macho je? Walinzi wa kuangalia walikua wamewekwa upande wa kushoto. Kulia hakukua na mtu. Meli zote za hatari usiku ule zilikua zinakuja kutoka kulia. Chini kwenye chumba cha rada, ambako kuna watu waliofundishwa kufuatilia kila chombo, nako kimya. Rada zenyewe hazikua zimerekebishwa vizuri, kwa hiyo picha ilikua na makosa, lakini watu wa chini hawakuwapigia wa juu kuuliza mnaona nini huko, wala wa juu hawakuwauliza wa chini. Timu mbili ndani ya meli moja, kila moja inadhani nyingine imeshika. Ofisa wa zamu alikua anahangaika na meli nyingine iliyokua karibu na Crystal, na kwa muda aliamini Crystal itapita salama. Kama mtu mmoja wa chini angesema afande, kuna mbili pale, si moja, ingetosha.

Sasa twende chini, kwa waliolala.

Meli za kisasa za mizigo zina pua iliyotokeza chini ya maji, mviringo kama tufe kubwa, ni ya kupunguza nguvu ya maji ili meli itumie mafuta machache. Ukiiangalia meli kutoka juu huioni. Pua ya juu ya Crystal ilibomoa sehemu ya juu ya Fitzgerald, chumba cha nahodha kikiwemo, lakini ile ya chini ndiyo iliua. Ilitoboa ubavu wa kulia chini ya mstari wa maji, tundu la kama mita nne kwa mita tano, na tundu likafungukia karibu kabisa na bweni namba mbili ambalo lilikua na mabaharia 35. Bweni lilijaa ndani ya kama dakika moja. Wengine hawakuamshwa hata na kishindo, waliamshwa na wenzao wakiwavuta kutoka vitandani huku wanapiga kelele maji, maji, tokeni. Taa zimezimika, magodoro yanaelea, makabati yanaelea, miguu haijui inakanyaga nini. Mabaharia wawili walisimama chini ya ngazi ya kutokea wakiwasukuma wenzao juu mmoja mmoja, mpaka maji yakawanyanyua wao wenyewe. Walipofika juu hawakuondoka. Waliinama wakaingiza mikono kwenye maji gizani wakipapasa, wakawavuta wengine wawili ambao walikua wamezama kabisa. 28 walitoka. Saba hawakutoka, mdogo alikua na miaka 19 na mkubwa 37.

Watu watakwambia kwamba kwa nini hawakukimbia haraka. Dakika moja, usingizini, gizani, ngazi moja kubwa ya watu wote upande wa pili wa bweni. Fikiria boti yetu ya mbao ikitobolewa wakati abiria wamelala juu ya magunia chini ya turubai, ni wangapi wangetoka? Na hao walikua wanajeshi wenye mazoezi ya kutoka gizani wamefungwa macho, na mazoezi hayo ndiyo yaliyowatoa wale 28.

Nahodha mwenyewe chumba chake kilisagwa. Watu watano walivunja mlango wake kwa nyundo kubwa, kwa chuma cha mazoezi ya kunyanyua, na kwa miili yao. Walipoingia wakakuta ukuta wa nje haupo, wanaona nyota, na nahodha ananing'inia ubavuni mwa meli. Walijifunga mikanda wakamfuata, wakamvuta ndani. Redio zilikua zimekatika, wakatumia simu ya satelaiti kupiga makao makuu. Usiku kucha mabaharia walipiga pampu, walizuia maji kwa mbao na chochote, mpaka meli ikarudi Yokosuka jioni kwa injini yake yenyewe huku imeinama. Kwenye kuokoa meli yao hawa watu walifanya kazi kubwa sana, na naomba hilo lisisahaulike kwa sababu ya makosa ya kabla.

Crystal nayo isionekane haina hatia. Kanuni ilikua upande wake mpaka pale ambapo mtu mwenye akili anaona mwenzake hapishi. Ofisa wake wa zamu alichelewa kuiona manowari, na manowari ilikua haitangazi mahali ilipo kwenye mfumo wa utambulisho wa meli, AIS, kwa hiyo kwenye kioo chake haikutokea kama zinavyotokea nyingine. Alipopata wasiwasi alimmulika kwa taa ya ishara. Hakupiga honi, hakushika redio, na meli iliendelea kwa usukani wa otomatiki mpaka dakika za mwisho kabisa. Baada ya kugongana ikaendelea mbele kabla ya kugeuka kurudi, na taarifa kwa walinzi wa pwani wa Japani ilifika karibu saa nzima baadaye. NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, kwenye ripoti yake ya 2020 iliweka sababu kuu kwa timu ya Fitzgerald kushindwa kupisha mapema na kwa hatua kubwa, ikaongeza mawasiliano mabovu kati ya chumba cha usukani na chumba cha rada, mipango ya nahodha, usimamizi wa jeshi kwenye ratiba, mafunzo na uchovu, na mwisho ikamtaja ofisa wa zamu wa Crystal kwa kuchelewa kuona na kwa kufanya kidogo alipopata shaka.

Hicho kipengele cha usimamizi wa jeshi ndicho nataka tukichimbe, maana kwenye magazeti watu waliishia kwa yule ofisa kijana wa zamu.

Mwaka 2003 jeshi la wanamaji la Marekani lilifuta kozi ya maofisa wapya wa meli iliyokua inachukua miezi, wakapewa sidii wajisomee wenyewe wakiwa kazini melini. Kubana matumizi. Kwa miaka kadhaa maofisa walioingia walijifunza kuendesha meli ya mabilioni kwa kujisomea na kwa kuangalia wakubwa ambao nao wamechoka. Uchunguzi wa jeshi lenyewe wa 2014 ulikuta baharia anafanya kazi masaa 108 kwa wiki. Wiki nzima ina masaa 168. Toa 108, ndani ya yaliyobaki ale, aoge, afue, alale. Na ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani, GAO, ikakuta kwamba kufikia mwezi wa sita 2017, mwezi ule ule wa ajali, asilimia 37 ya vyeti vya ujuzi vya manowari za Japani vilikua vimeisha muda. Vyeti hivyo ni pamoja na vya uendeshaji wa meli. Meli zilikua zinaitwa kila mahali, Korea, bahari ya kusini ya China, na vyeti vikiisha muda, badala ya kuzizuia waliandika kibali cha muda zikaendelea kwenda. Mimi siwezi kumweka yule ofisa mmoja msalabani halafu waliosaini vile vibali wakaenda kunywa chai.

Kama mtu alidhani Fitzgerald ilikua bahati mbaya ya mara moja, tarehe 21 mwezi wa nane mwaka huo huo manowari nyingine ya kundi lile lile la Japani, USS John S. McCain, ikagongana na meli ya mafuta Alnic MC karibu na Singapore. Kumi wakafa. Hapo tatizo lilikua usukani wa vioo vya kugusa, watu waligawa udhibiti wa usukani na wa injini kati ya meza mbili bila kujua ipi imeshika nini, wakadhani usukani umekufa wakati uko meza ya jirani. Miezi miwili, manowari mbili, watu 17. Siku mbili baada ya hiyo ya pili kamanda wa kikosi cha saba cha wanamaji, kilichokua na meli hizo mbili, Joseph Aucoin, akaondolewa. Na mwezi wa kumi na moja jeshi likatoa ripoti zake na kukubali kwamba zote mbili zilikua za kuzuilika.

Huku kwetu tuna yetu. Mwezi wa tano 2005 MV Kabalega na MV Kaawa, feri mbili pacha za kubeba mabehewa, zote za Uganda, zilikutana kwenye Ziwa Victoria lile pana, Kabalega ikazama. Watu wazima wa Port Bell bado wanaikumbuka, biashara ya mabehewa kupitia ziwani iliyumba kwa miaka. Nyanza yote ile, maji mpaka upeo wa macho, na meli mbili za kampuni moja zikapata pa kugongana. Ndiyo maana sicheki ninaposikia mtu anasema bahari ni kubwa, iweje wagongane. Njia zinazotumika si kubwa. Wote tunapita pale pale penye kina, penye bandari, pembeni ya kisiwa kile kile, saa zile zile za kuwahi soko.

Na sisi hali yetu ya usiku mnaijua. Boti nyingi za mizigo zinatembea na tochi ya mkononi tu, inawashwa ukisikia injini ya mwenzako. Taa nyekundu upande wa kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma, hizo zina kazi yake, nikiona nyekundu yako najua nauona ubavu wako wa kushoto na unakatiza kutoka kulia kwangu kwenda kushoto, kwa hiyo mimi ndiye napisha. Nikiona tochi inachezacheza sijui hata kama unakuja au unaondoka. Injini ya nje ina kelele, koksini amekaa nyuma, mbele yake kuna mlima wa magunia ya saruji na makreti ya soda, haoni kitu. Kijana wa mbele ndiye macho ya boti nzima, na mara nyingi ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote na anayefokewa kuliko wote. Nikisoma kwamba kwenye Fitzgerald ofisa mdogo alisema punguza mwendo akajibiwa vile, namwona huyu kijana.

Kwa hiyo wenye boti, mkilipa koksini kwa safari na si kwa siku, naye akaenda Kalangala usiku akarudi usiku huo huo bila kulala, mnafanya kile kile ambacho GAO ilikiandika, tofauti ni kwamba kwetu hakuna anayekuja kukagua. Baada ya ajali zile Wamarekani waliamuru ratiba za zamu zifuate usingizi wa binadamu, zamu za saa zile zile kila siku, manowari zikipita penye msongamano ziwashe AIS, maofisa waandike kwenye daftari masaa waliyoshika meli kweli, na kozi ya darasani ikarefushwa tena. Karibu yote hayo ukiondoa AIS hayahitaji pesa. Kulala hakuhitaji pesa, kunahitaji mwenye boti akubali kupoteza safari moja.

Adhabu ziliishaje? Nahodha wa Fitzgerald, Bryce Benson, naibu wake na baharia mkuu wa meli waliondolewa kazini mwezi wa nane 2017. Mwanzoni mwa 2018 Benson akashtakiwa, pamoja na mambo mengine kuua kwa uzembe. Shtaka hilo likaondolewa, na mwezi wa nne 2019 mashtaka yote yakafutwa, baada ya kesi kuchafuka kwa matamshi ya wakubwa wa jeshi waliozungumza hadharani kuhusu hatia kabla ya hukumu. Alibaki na barua ya karipio. Yule ofisa wa zamu alikiri mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 2018 kwamba hakutimiza wajibu wake, akapewa karipio na kukatwa nusu ya mshahara kwa miezi mitatu. Meli ilipelekwa Mississippi juu ya meli nyingine ya kubebea meli, ikatengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 300, na mwaka 2020 ikarudi majini. Mwenye Crystal alikubali kulipa serikali ya Marekani karibu dola milioni 27.

Familia za wale saba na majeruhi wakaishtaki NYK kwenye mahakama ya shirikisho ya Marekani, Louisiana. Kampuni haikujibu kwanza kuhusu nani alipisha na nani hakupisha, ilisema tu kwamba sisi ni kampuni ya Japani, ajali imetokea karibu na Japani, hamna mamlaka ya kutushtaki hapa. Mahakama ya wilaya ikakubaliana nayo, mahakama ya rufaa ikakubali, na mwaka 2022 majaji wa rufaa wakakaa jopo zima wakathibitisha, NYK inafanya biashara kubwa Marekani lakini Marekani si nyumbani kwake. Mwaka 2023 mahakama ya juu ikakataa kuisikiliza. Kwa hiyo serikali ililipwa kwa ajili ya chuma, na wazazi wa mabaharia walisikilizwa kuhusu anwani ya kampuni tu, kesi yenyewe ya kilichotokea saa saba na nusu ile usiku haikufunguliwa hata siku moja mbele yao.